Sahani ya Dhamana

Jumapili, 2 Machi

Kesho narudi kazini. Wajiandae!

Nimejitazama kwenye kioo cha kabati, kila upande. Yule mwanamke aliyekuwa anakijaza kioo kizima ameondoka. Siku hizi naona kitanda nyuma yangu. Sare yangu ya kazi inanizunguka na kubaki. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, ameipunguza tena na tena tangu nitoke hospitali, na leo amesema hakuna kitambaa cha kukunja tena, kilichobaki ni mishono tupu.

Nilikatwa tumbo. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Daktari aliondoa sehemu kubwa, akaniachia kipande cha ukubwa wa ndizi. Sababu: magoti, sukari, na ngazi za kantini. Nilikubali mwenyewe, nikatia sahihi mwenyewe. Ila hakuna aliyenieleza vizuri maisha ya mtu mwenye tumbo la ndizi. Au walinieleza nikawa naitikia tu.

Masharti sasa! Ukila, usinywe. Ukinywa, usile. Kati ya maji na chakula ipite nusu saa. Maji yenyewe ni kuonja onja kama unayaogopa. Tafuna mpaka chakula kiwe uji. Soda marufuku, vitamu marufuku. Vijiko vitatu vinne, umeshiba, ondoka mezani. Mimi!

Mlinzi wa masharti ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuja kunisaidia kwa wiki moja. Amehamia. Kule hospitali alikaa na muuguzi wa lishe akayameza maelezo yote kuliko mgonjwa, na sasa kila mlo anakaa mbele yangu ananitazama mataya. Leo kanisimamia nikitafuna yai. Nikamwambia yai halina mifupa. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamuuliza mkuu ni nani, hii ni nyumba yangu. Akakisogeza kikombe cha maji nisikifikie.

Na kijiko! Cha mtoto, cha plastiki, kina picha ya sungura. Alininunulia yeye ili nisichote kingi. Mimi, mpishi mkuu wa kiwanda kizima, nakula na sungura.

Kazini wanajua nilitolewa mawe kwenye nyongo. Na itabaki hivyo hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Kiwanda cha magodoro ni kilekile: vumbi la sponji hewani, harufu ya gundi, magodoro yameegemea ukuta mpaka darini. Wafanyakazi wakanipokea kwa vigelegele. Wakaniangalia vizuri. Vigelegele vikakatika. Mmoja akauliza Mama Pipa yuko wapi, na huyu aliyemwibia sare ni nani. Wakacheka mpaka wakashikana. Nikacheka nao, kwa hasira.

Jina la Mama Pipa nililipata kwa haki. Kantini yetu ina desturi yake. Zamani, kabla yangu, sufuria moja ya nyama iliwalaza wafanyakazi wote, mashine zikasimama. Tangu siku hiyo hakuna anayepanga foleni mpaka mpishi mkuu asimame kaunta, apakue chakula chake kikiwa moto, ale sahani nzima mbele ya macho ya watu, kisha aifudikize. Ikigonga kaunta, kwa!, foleni inaanza. Inaitwa sahani ya dhamana. Mimi nilikuwa naila imejaa kama kichuguu, naifudikiza, halafu naulizia nyongeza. Watu walikuwa wananipigia makofi! Hakuna aliyewahi kuitilia shaka sufuria yangu.

Ndiyo maana nikasema mawe kwenye nyongo. Mpishi anayeshiba kwa vijiko vitatu atamdhamini nani?

Upawa wangu haukuwepo kwenye msumari wake. Ulikuwa mkononi mwa msaidizi wangu, Mizani. Tunamwita hivyo kwa sababu anapima kila kitu: chumvi, vitunguu, nadhani hata pumzi zake. Kumbe muda wote niliougua, yeye ndiye alikuwa akila sahani ya dhamana. Zamani alikuwa mwembamba kama mpini wa mwiko. Sasa chini ya aproni kuna kitambi kidogo kimekaa kama mgeni asiyeaga. Kitambi cha cheo changu! Nikamwomba upawa. Akasema kwa upole, pole sana mama, mgonjwa hupumzika. Huo upole wake ndio unaonichoma.

Tukaishia kwa meneja. Meneja wetu ni mtu mwema asiyependa kuamua jambo. Akajikuna, akatazama dirishani, akasema Ijumaa wanakuja wakubwa kutoka makao makuu. Kila mmoja wetu apike sufuria yake na ale sahani yake ya dhamana. Atakayefuatwa na foleni ndiye mpishi mkuu. Mwingine atakuwa msaidizi, na asinung'unike. Nikasema nakubali! Kwa sauti! Akaniuliza tumbo limepona kweli? Nikamwambia halijawahi kuwa zuri kama sasa.

Mchana nikajifungia stoo na kopo nililofungiwa na wifi. Maharage ya kuponda. Vijiko vichache vya sungura vikapita, kilichofuata kikagoma kooni. Na Ijumaa sahani nzima!

Sitashindwa na ndizi.

Jumanne, 4 Machi

Jibu nimelipata! Nililipata nikizibua sinki la kantini.

Sinki likiziba kwa wali, unafanyaje? Unamwaga maji. Maji yanasukuma, wali unashuka, nafasi inapatikana. Basi tumbo langu ni sinki. Wale wa hospitali wanasema usinywe ukila, lakini wao wamesomea watu, hawajasomea masinki. Mimi masinki nimeyasomea maisha yangu yote.

Nikafanya jaribio baada ya chakula cha mchana, stoo, mlango umefungwa. Sahani ya wali, jagi la maji. Na kijiko cha watu wazima. Kijiko, funda. Kijiko, funda. Mwanzo mambo yakawa safi kabisa, nikaanza kuwaza nitakachosema Mizani atakapokuwa ananikabidhi upawa.

Halafu kifua kikabana. Kikabana kama nimemeza ngumi. Mate yakajaa mdomoni, mengi, sijui yalikuwa yamehifadhiwa wapi. Machozi. Kwikwi. Nikaikumbatia ndoo. Wali ukarudi, maji yakarudi, povu likafuata kama kuhakikisha hakuna kilichosahaulika.

Mizani akagonga mlango. Akauliza kama mawe yamerudi. Nikamwambia nafanya mazoezi ya kwaya. Akasema wimbo unaonekana mgumu.

Nyumbani, wifi aliniangalia mara moja tu. Akauliza kama nimekunywa nikila. Nikakana. Mbona kola ina punje ya wali? Nikamwambia mpishi asiye na punje ya wali ni kama fundi asiye na uzi. Mume wangu akautazama uzi ulioning'inia begani mwake, akaendelea na kazi. Wifi akasema yeye hanisimamii kwa kupenda, kaka yake hakulala siku ile nilipokuwa chumba cha upasuaji. Hiyo ni mbinu chafu, kumtia mtu huruma wakati amekasirika.

Jumatano, 5 Machi

Nimefikiri usiku kucha. Kosa la jana halikuwa wazo. Kosa lilikuwa wali. Wali una ukaidi.

Kinachotakiwa ni chakula ambacho kwa macho ni sahani nzima lakini tumboni ni maji. Na kipo! Aiskrimu! Kinachoyeyuka hakijazi. Ijumaa nitapika sufuria ya maziwa mazito matamu, laini kama losheni. Wakubwa watafurahi, na mimi nitateleza nayo mpaka chini ya sahani. Sharti la vitamu nililikumbuka. Nikaamua linahusu wagonjwa.

Nikanunua bakuli kubwa la aiskrimu kwenye duka lililo mbele ya lango, nikajificha nalo kwenye ghala la magodoro yaliyokataliwa. Nikala kwa kijiko cha sungura, maana ndicho nilichokuwa nacho mfukoni. Ikateleza! Haikugoma popote! Bakuli zima! Nikalifudikiza juu ya godoro na kunyanyua mikono juu. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ambayo sijaionja tangu nikatwe.

Haikukaa. Moyo ukaanza kukimbia peke yake, mimi nimeketi. Jasho likanitoka hadi kwenye kope. Masikio yakavuma. Tumbo likanguruma, nikatimua mbio chooni, nikarudi, nikatimua tena. Mwisho nikajilaza kwenye godoro natetemeka, nikamwahidi Mungu mambo mengi ambayo siyaandiki hapa yasije yakanifunga.

Ndipo akaingia Mzee Sponji. Huyu ni fundi wa mashine ya kukatia sponji, na ndiye wa kwanza kwenye foleni kila siku. Asiposimama yeye, hasimami mtu. Alikuwa mmoja wa waliolazwa na ile sufuria ya zamani, na hajaisamehe mpaka leo. Akanikuta chali, bakuli ubavuni. Nikamwambia nakagua godoro. Akalibonyeza godoro, akaniangalia mimi, akasema hilo lilikataliwa kwa sababu limebonyea katikati, lakini halina ubaya, linalalika. Akanifunika na turubai, akaenda zake.

Sijui alikuwa anamaanisha nini. Wazee wa kiwandani wanavuta gundi nyingi.

Jioni muuguzi wa lishe akapiga simu. Nani kamwambia? Nani alinishika kiganja mlangoni akahesabu mapigo? Wifi! Muuguzi akaniuliza nimekula nini leo. Nikasema mboga. Akaniuliza mboga gani inayomkimbiza mtu moyo. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Alhamisi, 6 Machi

Basi. Kama chakula hakikubali kupita mdomoni, kitapita kwingine. Mfuko!

Kaunta yetu ni ndefu, inanifika mbavuni. Wanaosimama mbele wanaona kifua na uso tu. Nikamwomba mume wangu aishonee aproni yangu mfuko kwa ndani. Mdomo wake uwe hapa, chini ya kidevu, mpana. Tumbo lake lishuke mpaka mapajani. Ndani uwe na plastiki. Kijiko kinapanda usoni, kidevu kinainama, chakula kinatumbukia, mimi natafuna hewa.

Akauliza mfuko wa nini. Nikamwambia wa leso. Akauliza leso ngapi. Nikalazimika kumweleza. Akavua miwani. Akasema mficha uchi hazai, nenda ukamwambie meneja ukweli. Nikamwambia nimeshazaa, watoto wamekua na wameondoka, sasa nina ruhusa ya kuficha nitakacho. Akasema je, ukishindwa? Nikamwambia kwamba pale kaunta ndipo mahali pekee ambapo nikisimama watu wanasimama pia. Nikiuacha upawa ule nitabaki mama mmoja anayetafuna yai huku anatazamwa. Mume wangu akavaa miwani. Akaanza kukata plastiki.

Tukajaribu wifi alipotoka kwenda sokoni. Maharage ya jana, baridi. Kijiko juu, kidevu chini, pwaa! Uzuri wake! Sahani nzima ikaingia bila mimi kuonja punje. Nikacheza kidogo. Halafu nikahisi miguu imelowa.

Mume wangu akapiga magoti, akakagua kama anakagua pindo la suruali. Sindano, akasema. Kila tundu la sindano kwenye plastiki ni mlango. Nikamuuliza fundi mzima hukuliwaza hilo? Akasema hajawahi kushonea mchuzi.

Dawa niliipata mimi. Nta! Tukayeyusha mishumaa, tukapaka mishono yote kwa brashi, juu na chini, mara nyingi. Ikakauka, ikang'aa, ikawa ngumu kama kucha. Tukajaza maji ya bomba. Tone halikutoka! Nikambusu mume wangu kwenye paji la uso, akaangusha brashi.

Wifi aliporudi akanusa, akauliza kwa nini nyumba inanuka mishumaa na umeme upo. Nikamwambia tulikuwa tunakumbuka ujana wetu. Akaenda moja kwa moja chumbani kwake, hakuuliza lingine.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu kwenye beseni. Nitasema yote.

Niliachana na mambo ya maziwa matamu. Nilipika kinachonijua: mchuzi wa nyama na viazi, nyama imeiva mpaka inaogopa kijiko, kitunguu kimekaangwa kikawa asali. Mizani akapika wali wa mboga, karoti zote zimekatwa saizi moja. Wakubwa wakakaa meza ya mbele na tai zao. Meneja akasimama pembeni ya kaunta. Wafanyakazi wakajaa nyuma na sinia zao, Mzee Sponji mbele yao, mikono nyuma, hakuna aliyepanga foleni.

Mizani akatangulia. Akala sahani yake haraka haraka, jasho likimtiririka, kama mtu anayemaliza adhabu. Akaifudikiza. Kwa! Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakanigeukia mimi.

Nikapakua sahani ya zamani. Kichuguu! Ikashangiliwa. Kijiko cha kwanza nilikila kweli, nikakitafuna kwa utaratibu. Nilitaka kujua. Ulikuwa mchuzi mzuri kuliko yote niliyowahi kupika, na nikataka kulia pale pale kwa sababu nilijua siwezi kuumaliza. Halafu nikaanza kazi. Kijiko juu, kidevu chini. Kijiko juu, kidevu chini. Natafuna hewa, natikisa kichwa kwa utamu. Wakubwa wananong'ona kwa mshangao. Sahani inashuka! Nikamtazama Mizani, nikamkonyeza.

Hapo ndipo nikasikia joto mapajani.

Jana tulijaribu kwa maharage baridi na maji ya bomba. Sahani ya dhamana hupakuliwa ikiwa moto. Na nta, kama tulivyoona wenyewe tulipoiyeyusha jana, mimi na mume wangu, kwenye sufuria yetu wenyewe, huyeyuka.

Mchuzi ukashuka. Ukapita gotini, ukaingia kiatu cha kulia, kikajaa, ukahamia cha kushoto. Nikaendelea kutafuna hewa! Nikaendelea kutabasamu! Mchuzi ukapita chini ya kaunta, ukatokeza upande wa pili, ukakifikia kiatu cha meneja. Mizani akainama, akachungulia. Akasema kwa upole wake ule ule:

"Mama Pipa, unavuja."

Na kiazi kimoja kikadondoka, kikabingirika sakafuni mpaka meza ya wakubwa, kikasimama.

Mzee Sponji akakitazama kiazi muda mrefu. Akaniuliza, siyo kwa ukali, kwa nini mpishi anamwaga chakula chake mwenyewe. Kina nini? Nikaona watu wanarudi nyuma. Hatua moja, wote pamoja. Wengine walikuwa wamebana sinia kifuani. Miaka yangu yote pale, na sasa wananiogopa kama ile sufuria ya zamani! Hilo liliniuma kuliko upawa, na kuliko mchuzi wa moto.

Nikapanda juu ya kreti la soda. Viatu vikalia chwaka.

"Nimekatwa tumbo!" nikasema. "Hakukuwa na mawe wala nyongo. Nimekatwa, limebaki hivi, kama ndizi. Vijiko vitatu vinne nimejaa. Sahani siiwezi leo, sitaiweza kesho. Anayetaka pipa akalinunue dukani!"

Nikateremka, nikachukua kisahani cha chai, nikachota mchuzi kutoka sufuria ile ile. Nikatoa kijiko cha sungura. Mbele ya tai zote zile! Kuna mtu alicheka, nikamwangalia, akaacha. Nikala. Nikatafuna mpaka ikawa uji, kama wifi anavyotaka, na ikachukua muda, mkubwa mmoja akaangalia saa, nikamtazama naye, akaificha. Nikala tena. Nikamaliza. Nikakifudikiza kisahani.

Ti! Mlio mdogo wa aibu.

Hakuna aliyesogea. Nikafungua aproni, nikawaza nitampa Mizani kwa mkono au niitupe.

Mzee Sponji akaja mpaka kaunta. Akakigusa kisahani kwa kidole. Akaniuliza ndiyo basi, mpaka saa ngapi? Nikamwambia mpaka jioni. Akauliza kama nafasi yote ya mchana nimeitia mchuzi huu. Nikasema ndiyo, na ningekuwa na nyingine ningeitia pia. Akawageukia wenzake.

"Mwenye tumbo kubwa hula chochote," akasema. "Ile nyama si tuliila wenyewe tukaomba nyongeza? Lakini huyu ana nafasi ya vijiko vitatu. Nani anaweza kupoteza hata kimoja kwa chakula kibaya?"

Akachukua sinia, akasimama mbele yangu. Nyuma yake foleni ikajipanga mpaka nje ya mlango, mpaka kwenye magodoro. Wakubwa nao! Nilipakua huku nalia, nikasema ni kitunguu, na vitunguu vilishaiva toka asubuhi.

Meneja alifurahi kuliko wote kwa kuwa hakuhitaji kuamua. Akaenda kufuta kiatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mapaja yamepakwa dawa ya kuungua. Si vibaya sana.

Wifi amesikia yote. Mtaa mzima umesikia. Nilijiandaa kwa hotuba, nikapanga na majibu. Hakutoa hotuba. Amekaa kibarazani anavisugua viatu vyangu kwa mswaki, anatoa mafuta ya mchuzi kwenye mishono, na nilipopita akasema anajivunia wifi yake. Akasema hivyo hivyo, bila kunitazama. Nikakaa karibu yake. Tukawa tunanusanusa makamasi wote wawili, kila mmoja anasingizia sabuni.

Halafu akaharibu. Akasema bila shaka sasa nimejifunza: hakuna kujificha, hakuna mkato, masharti yafuatwe. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Upawa uko kwenye msumari wangu! Mizani aliuleta mwenyewe, ameusugua unang'aa. Nilijiandaa kumringia. Akanivuta pembeni karibu na magunia ya mchele, akashika kitambi chake, akasema ile sahani ya dhamana ilikuwa inamuua, kila siku mlima, yeye ni mtu wa gramu. Akaniomba kwa siri namba ya daktari wangu. Nikamwambia asikimbilie kisu, aanze na wifi yangu, ataisha mwenyewe.

Kisahani cha dhamana sasa ndicho desturi. Nikakifudikiza leo, ti!, wakapiga makofi kama zamani.

Lakini tatizo! Wote wanajua. Nikiinua kikombe karibu na chakula, mtu anakohoa. Dereva wa forklifti ya kubebea magodoro ananiuliza kama nusu saa imepita. Nilikwenda dukani mbele ya lango, kutazama tu, muuzaji akasimama mbele ya friji ya aiskrimu akanyoosha mikono. Nilikuwa na wifi mmoja. Sasa nina kiwanda kizima cha mawifi.

Nimefikiri sana. Aiskrimu lilikuwa kosa, nakubali, kwa sababu ni baridi. Ubaridi unashtua moyo. Biskuti si baridi. Na biskuti ukiiloweka kwenye maziwa inakuwa uji, na uji unaruhusiwa, wamesema wao wenyewe!

Jioni mume wangu alikuwa ameishika ile aproni, akaniuliza aubandue mfuko. Nikamwambia abandue huo, maana ulikuwa wa kutolea chakula mbele za watu. Anishonee mwingine, mdogo, ubavuni, wa kuingizia, upite mbele ya dada yake. Safari hii hakuna mchuzi, hakuna nta, hakuna kinachoweza kuharibika.

Akauliza wa nini. Nikamwambia wa leso.

Akaitazama chaki yake muda mrefu. Akatazama mlango wa chumba cha wifi. Kisha akachukua tepu ya kupimia, akashusha sauti, akauliza leso za duara au za mraba.

Za duara, nikasema.